Rangi ya Baiskeli ya Marehemu: Ifutwe au Ihifadhiwe?

Katika nyumba nyingi za Pemba, kuanzia Mkoani hadi Konde, ipo baiskeli moja ya zamani iliyoegemezwa ukutani au kutundikwa kwenye boriti za banda. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Matairi yamelala, siti imepasuka, na rangi nyeusi iliyokuwa iking'aa imebanduka hapa na pale hata chuma kikaonekana. Aghalabu haupiti muda mrefu kabla ya kijana mmoja wa nyumba hiyo kununua kopo la rangi na brashi, kwa nia njema kabisa, ili baiskeli ya babu irudi kuwa mpya. Jioni hiyo hiyo kazi imekwisha. Fremu, madigadi, keria, hata nembo ya mbele na kengele, vyote vimekuwa vyeusi tititi. Mvua za masika zikipita, rangi mpya huanza kutoka malengelenge, na chini yake kutu inaendelea na shughuli zake kama kawaida. Alama za zamani zilizokuwa juu ya chuma nazo zimekwenda na hazirudi.

Makala haya yanahusu kopo hilo la rangi. Kabla halijafunguliwa yapo mambo ya kutazama, mengine ya ufundi, mengine ya mirathi, na moja la uaminifu katika biashara ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote.

Rangi iliyookwa

Baiskeli hizo si za aina moja. Za zamani zaidi ni za Kiingereza. Ipo Raleigh, iliyochukua jina la mtaa wa mji wa Nottingham ambako ilianzia katika miaka ya 1880, na ipo Humber, ambayo wazee huitambua kwa mbali kwa sababu foku yake ina mabomba mawili kila upande wa gurudumu. Baadaye zikaja Phoenix na Forever kutoka Shanghai, Hero kutoka Ludhiana nchini India, ambako kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1956, na Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO. Pamoja na tofauti zake, zote zilifuata ramani moja: fremu ya chuma, usukani wa kumfanya mtu akae wima, magurudumu makubwa, breki za fito badala ya waya, na keria imara nyuma. Baiskeli za mjini zinazoendeshwa hadi leo Uholanzi ni za ukoo huo huo, na baadhi ya baiskeli za mtumba zinazoshushwa katika bandari zetu siku hizi ni ndugu zake.

Katika viwanda vya Uingereza chuma kilisafishwa kwanza, kikatiwa dawa ya fosfati ili rangi ishike, kisha fremu ikapakwa rangi nyeusi na kuingizwa katika tanuri. Rangi iliyookwa huwa nyembamba lakini ngumu, na ndiyo sababu zipo fremu zilizokaa miaka sitini katika hewa ya chumvi na bado bomba zake zina sehemu zinazong'aa. Juu ya weusi huo fundi alichora mistari ya dhahabu kwa mkono, akitumia brashi yenye nywele ndefu, kisha nembo zikabandikwa na kufunikwa kwa vanishi. Maana yake ni kwamba kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kilicho juu kabisa. Anayeifuta baiskeli ya zamani kwa petroli au tina huondoa mistari ya dhahabu na jina la kiwanda kabla hata hajaigusa rangi nyeusi yenyewe.

Yapo mambo madogo yanayomsaidia mtu kuijua baiskeli aliyonayo. Katika Raleigh nyingi, nembo iliyo mbele ya usukani ni kichwa cha korongo, na korongo huyo huyo hukatwa katika gia kubwa ya mbele. Ikiwa habu ya nyuma ni Sturmey-Archer ya gia tatu, futa uchafu uliogandamana juu yake. Mara nyingi utakuta tarakimu mbili za mwaka zimegongwa kwenye chuma. Na ile sehemu nyeupe mwisho wa madigadi ya nyuma, ambayo vijana wengi huipaka nyeusi wakidhani ni kiraka, ina kazi yake: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, miji ya Uingereza ilipozimwa taa usiku kwa kuogopa mabomu, wapanda baiskeli walitakiwa wawe na weupe nyuma ili wenye magari wawaone. Vita vilikwisha, weupe ukabaki kuwa desturi ya kiwanda. Anayesafiri usiku katika barabara zetu zisizo na taa ana sababu ile ile ya kuuacha.

Mahali rangi ilipolika

Rangi ya baiskeli hailiki ovyo. Tazama bomba la juu la fremu, lile linalotoka kwenye siti hadi kwenye usukani. Ikiwa limeparuzika katikati, upande wa juu, hapo alikaa mtoto. Huenda alikuwa mama yako, huenda ni wewe, akipelekwa chuoni asubuhi na juzuu yake kifuani. Keria iliyobaki chuma kitupu imebeba magunia ya karafuu kwenda kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na msimu ukipita ikabeba ndizi, mkaa, mashazi ya nazi na madumu ya maji. Ubavu mmoja wa usukani uliochubuka huonyesha upande ambao mwenyewe alizoea kuegemeza ukuta wa msikiti kabla ya kuingia kuswali. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na baiskeli isiyo na gia husukumwa kwa mkono kwenye mpando. Ukichunguza utaona mahali kiganja kilipokuwa kikishika nyuma ya siti.

Haya nayaandika si kwa kusema kwamba kila chuma kikuukuu ni amana isiyoguswa. Dini yetu haitufundishi kuabudu vitu vya waliokufa, na baiskeli iliyotengenezwa ili ipandwe inafaa ipandwe. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia kiraka nguo yake kama wafanyavyo wanaume wengine majumbani mwao. Kutengeneza kilichochakaa ni katika mwenendo wake. Lakini atiaye kiraka huiacha nguo ibaki ile ile. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitaka hapa.

Baiskeli yenye sehemu arobaini

Kabla ya brashi, kuna swali moja ambalo familia nyingi hulipita: baiskeli hii ni ya nani?

Tuchukue mfano. Mzee amefariki Wete, wazazi wake walishamtangulia, naye ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, kilichobaki ni cha warithi. Mke ana thumni. Saba ya nane iliyobaki inagawanywa baina ya watoto, kila mwanamume akichukua mafungu mawili ya mwanamke. Ukiipigia hesabu, mali yote ina sehemu 40: mke 5, kila mtoto wa kiume 14, binti 7. Baiskeli nayo imo humo. Hakuna kifungu kinachosema kwamba vitu vidogo ni vya atakayewahi.

Basi kijana anayeipaka rangi mama akiwa bado yumo edani anapaka sehemu zake 14 pamoja na sehemu 26 za wenzake. Kama wote ni watu wazima na wameridhia, hakuna tatizo. Kama mmoja hakuulizwa, kuna tatizo, na kama mmoja wa warithi ni mtoto ambaye hajabaleghe, kuna tatizo kubwa zaidi, kwa sababu mlezi hana ruhusa ya kuigawa haki ya yatima kwa ukarimu wake yeye. Gharama ya rangi nayo huleta maneno. Mwanafamilia aliyetumia fedha zake bila ya kuwataka wenzake ruhusa, wanazuoni wengi humhesabu kuwa amejitolea. Hawezi kuja siku ya mgawanyo akasema baiskeli ni yake kwa kuwa aliigharimia.

Lipo pia lile linalosikika mara nyingi baada ya matanga: babu alikuwa akisema hii ni yako. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, zawadi hukamilika kwa kukabidhiwa na kupokewa mtoaji akiwa hai. Kama babu alisema tu, huku akiendelea kuipanda na kuifungia kufuli yake hadi siku ya kufa kwake, neno hilo halikuitoa baiskeli katika mali yake. Ikiwa aliyetajwa ni mrithi, na lililosemwa ni wasia, basi wenzake lazima wakubali. Wanaotofautiana wanao pa kwenda: Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia mali za marehemu Waislamu Zanzibar, na zipo Mahakama za Kadhi. Ila ni jambo la kusikitisha ndugu kufikishana huko kwa ajili ya baiskeli, ilhali kikao kimoja cha nusu saa ukumbini kwa mama kingetosha. Mmoja hununua sehemu za wenzake kwa thamani ya haki, au wote humwachia, na likishakubaliwa liandikwe.

Nimeona watu wakicheka wanaposikia hesabu hii ikifanywa juu ya kitu chenye thamani ndogo. Mimi sicheki. Aliyezoea kuchukua baiskeli bila ya kuuliza hafiki mbali kabla ya kuchukua mikarafuu.

Rangi inayoficha

Sasa tufike pale penye uzito. Fremu ya chuma iliyobeba magunia kwa miaka mingi huchoka, na huchoka katika sehemu zinazojulikana: pale bomba zinapokutana chini ya usukani, pale penye mhimili wa pedeli, na juu ya foku ambapo shina lake linaingia katika fremu. Hapo huanza ufa mwembamba kama unywele. Rangi ya zamani huutangaza, kwa sababu hupasuka pamoja na chuma na kutoa mstari wa kutu. Fundi anayeelewa hutafuta mstari huo kwanza, kwa kitambaa na mwangaza, kabla ya kitu kingine chochote.

Rangi mpya huunyamazisha. Baiskeli iliyounganishwa kwa moto wa kuchomelea, ikasuguliwa, ikatiwa puti na kupulizwa rangi ya kung'aa, haimwambii mnunuzi lolote. Anaifunga keria, anampandisha mwanawe mbele, anateremka kilima, na foku ikikatika hapo hakuna breki itakayosaidia. Siongezi chumvi, foku haikatiki taratibu.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa kinachojulikana na kila mwanafunzi wa chuo. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule mtu alijitetea kwamba kilipatwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na kila afanyaye ghushi. Ukikitafakari kisa hicho utaona kwamba muuzaji hakusema uongo. Hakutamka neno. Alipanga tu kikavu juu ya kibichi, na mkono wa brashi unaweza kufanya kazi ile ile.

Kwa mujibu wa fiqhi, muuzaji anapaswa kuitaja kasoro anayoijua. Mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa, iliyokuwapo kabla ya mauziano, ana haki ya kukirudisha akapewa fedha zake. Vitabu huita khiyaru l-aib. Kwa hiyo fundi anayeletewa baiskeli na kuambiwa aipake tu, ule ufa mwenye nayo atajua mwenyewe, ana ruhusa ya kukataa kazi hiyo, na naona ana wajibu wa kukataa. Riziki ya kopo moja la rangi haifikii dhima hiyo.

Mnunuzi naye asiwe mvivu. Baiskeli kuukuu yenye rangi mpya kabisa itazamwe kwa shaka zaidi kuliko ile iliyochakaa waziwazi. Pitisha kidole kwenye viungo vya bomba. Penye puti au chuma cha kuchomelea pana uvimbe usiolingana na upande wa pili. Gonga bomba kwa sarafu. Lililo zima hulia, na lililoliwa na kutu ndani au kujazwa puti hutoa sauti nzito. Kisha simama mbele yake uangalie kama magurudumu mawili yamo katika mstari mmoja.

Maji, sabuni na birimbi

Tuseme baiskeli ni nzima, warithi wamekubaliana, na hakuna anayeiuza. Kazi ya kwanza ni kuosha, na baiskeli nyingi zikioshwa vizuri huonekana hazihitaji rangi kama ilivyodhaniwa. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na kitambaa laini cha pamba. Kanga kuukuu inafaa kuliko chochote kinachouzwa dukani. Mafuta yaliyogandamana karibu na mnyororo huyeyushwa kwa mafuta ya taa kidogo, lakini yasifike kwenye mistari ya dhahabu wala nembo. Usitumie magadi wala sabuni za kufulia zilizo kali, maana hula rangi. Mahali walipozungusha mpira wa tyubu au plastiki kuzunguka bomba ili kulinda rangi, fungua taratibu: wakati mwingine utakuta weusi wa kiwandani kama ulivyotoka, wakati mwingine utakuta maji ya chumvi yalijificha humo kwa miaka ishirini.

Kwa kutu iliyo juu ya chuma kitupu, Pemba ina dawa yake na wengi hawaijui kwa kazi hiyo. Birimbi tunalotia katika achari na mchuzi wa samaki lina tindikali ya oksaliki kwa wingi, na tindikali hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia mafundi wa nchi nyingine kuondolea kutu. Ponda mabirimbi, paka maji yake pale penye kutu peke yake, acha dakika chache, sugua kwa kitambaa, kisha suuza kwa maji mengi yaliyotiwa kijiko cha magadi soda ya kupikia ili ukali wote uishe. Kausha papo hapo. Chuma kilichosafishwa hivyo, kikiachwa na unyevu, hupata kutu mpya kabla ya adhuhuri na alasiri kukutana. Ndimu na ukwaju hufanya kazi, ila kwa polepole. Mwenye mikwaruzo mikononi avae glavu, na maji hayo yasipakwe juu ya rangi nzima wala nembo.

Rimu, kengele na usukani, vyenye mng'aro wa fedha, husuguliwa kwa karatasi ya foili iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Utashangaa.

Na kuna kutu isiyoonekana. Maji huingia kwa juu, penye siti, yakakaa chini penye mhimili wa pedeli, na fremu huliwa kutoka ndani huku nje inapendeza. Toa bomba la siti, pindua baiskeli juu chini usiku mzima ikauke, kisha mimina ndani oili ya injini kidogo na kuigeuzageuza. Ikiwa utafanya jambo moja tu katika yote haya, fanya hili.

Penye kuhitaji rangi

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kazi ya rangi. Nahodha hupaka deheni ya chokaa na mafuta chini ya chombo ili mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini, na ubavuni hupaka sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyopendwa na mtu, ili jua lisizipasue. Urembo huja baadaye, nyuma kwenye tezi. Baiskeli nayo ni hivyo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikianza chini ya rangi huinyanyua kutoka chini, na kupaka juu ya uvimbe huo ni kuifunika kutu ili ile kwa raha.

Penye chuma kitupu, basi, pakwaruzwe kwa msasa laini, na kingo za rangi ya zamani zipunguzwe hadi kidole kisihisi ngazi. Hapa wazazi wasikie: rangi za zamani, hasa nyekundu, njano na kijani, pamoja na ile ya chini ya kuzuia kutu, mara nyingi zilitiwa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, katika akili zao na ukuaji wao. Usipige msasa mkavu. Lowesha, funga kitambaa puani na mdomoni, fanyia kazi nje mbali na mahali pa kupikia, kusanya tope lote ulitupe pasipochezewa, na watoto wasiwe karibu hata kama wanalia kutaka kusaidia.

Kisha rangi ya awali ya kuzuia kutu, safu moja nyembamba, ikauke kabisa. Juu yake rangi ya mafuta, nyembamba tena, mara mbili au tatu. Jihadhari na rangi za kupulizia magari, kwa kuwa tina yake huweza kuikunja rangi ya zamani iliyo pembeni. Weusi wa kopo ni mweusi mno. Ule wa zamani umeelekea hudhurungi kwa jua, kwa hiyo tia tone la rangi nyekundu au kahawia na ujaribu kwanza upande wa ndani wa madigadi. Kiraka kikionekana kidogo, si aibu.

Majira yachaguliwe. Machi hadi Mei ni masika, na rangi ya mafuta iliyopakwa katika unyevu hupata ukungu mweupe na haing'ai tena. Kaskazi inapovuma Januari na Februari ndipo hewa inapokuwa kavu. Anza umande ukishakauka, fanya kivulini, maliza kabla ya alasiri.

Ikiwa zaidi ya nusu ya rangi imekwenda na baiskeli ni ya kuendea shamba kila siku, mimi sioni ubaya kupaka yote upya. Ila acha kitu kimoja bila ya kuguswa, kama vile nembo ya mbele au lile bomba la juu alipokaa mtoto, na piga picha za pande zote kwanza. Vile vitambaa vya mpira vinavyoning'inizwa nyuma ya gurudumu, vyenye jina la Mwenyezi Mungu au Bismillahi, ningeomba visirudishwe. Anayeviandika ana mapenzi mema, lakini mahali pale ni pa matope.

Mistari ya dhahabu huja mwisho, baada ya wiki moja au zaidi, rangi nyeusi ikishakuwa ngumu. Wanaume wengi huiharibu kwa sababu mikono yao imezoea spana. Katika familia zetu kuna wenye mkono huo tayari: binti anayechora hina na piko kwa maharusi anajua kuegemeza kidole cha mwisho, kuvuta pumzi na kuteremsha mstari bila ya kusita. Mpe brashi nyembamba yenye nywele ndefu, mpe bomba la madigadi bovu ajifunzie, kisha mwache peke yake. Katika mfano wetu yeye ana sehemu 7 kati ya 40.

Baada ya hapo mnyororo utiwe oili, baiskeli iwekwe ndani mbali na upepo wa bahari, na keria isifungwe mzigo kwa mwezi mzima, kwani rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku moja lakini ndani huchukua wiki kadhaa kushikana.